Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tanga: bureti ishikwe na mwanafunzi

Ndugu Afisa Elimu,

Maabara tembezi ikifika shule ya kata, Mkinga au Pangani, mara nyingi mambo huwa yale yale. Mgeni anachanganya kemikali, rangi inageuka, wanafunzi wanapiga makofi, gari linaondoka. Tunaomba ratiba hiyo ivunjwe.

Chukua taitresheni ya kidato cha nne, yaani kudondosha asidi kutoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini) hadi ijulikane kiasi kinachomaliza nguvu ya alkali. Wanafunzi 40 wagawanywe vikundi 10 vya wannewanne, kila kikundi kipewe sm³ 150 za asidi haidrokloriki na sm³ 150 za sodiamu haidroksaidi (soda kali, hapa chini "soda"), zote za 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita; moli ni kipimo cha wingi wa kemikali. Darasa zima litatumia gramu 6 tu za soda na takriban sm³ 13 za asidi iliyokolea ya kwenye chupa (asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume chake). Kwa hiyo kemikali si kisingizio. Kinachopungua ni bureti, na muda wa kila mtoto kuishika.

Akiishika, atakosea, na hapo ndipo penye somo. Mmoja anapata sm³ 25.0 za asidi, jirani yake 26.1. Kwa nini? Labda bureti ilisuuzwa kwa maji peke yake, asidi ikazimuliwa. Labda kiputo cha hewa chini ya koki kilitoka katikati ya kazi, kikahesabiwa kama asidi. Mwingine anapata pungufu: vipande vya soda vilikaa wazi kwenye mzani, vikaanza kung'aa kwa unyevu wa pwani yetu, na sehemu ya zile gramu ikawa maji. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe nayo yana bikaboneti, ambayo hula asidi. Tumieni maji yaliyokenekwa. Ila someni lebo, maana "maji ya betri" yanayouzwa dukani kama maji hayo mara nyingine ni asidi hasa.

Lakini mikono peke yake haitoshi. Mwaka 2008 Ian Abrahams na Robin Millar walichapisha uchunguzi wa vipindi 25 vya vitendo katika shule za sekondari za England: wanafunzi walifanya walichoagizwa, ila vitendo havikusaidia sana kuwafikisha kwenye dhana yenyewe. Basi kabla koki haijafunguliwa, kila mmoja aandike anatarajia usomaji gani na kwa sababu gani. Dakika tano zinatosha.

Tunaomba mwalimu wa shule apelekewe maelekezo na vipimo wiki moja kabla, bureti 10 zibaki shuleni wiki mbili, kisha wageni warudi kusikiliza wanafunzi wakieleza tofauti za majibu yao. Ziara moja huamsha hamu. Hesabu ya moli haikai kichwani kwa ziara moja.

Bureti za koki ya kioo zipakwe vaselini kidogo, na soda isiachwe ndani yake usiku kucha, kwani koki hukwama na kuvunjika inapolazimishwa.

Ni sisi,
Walimu wa kemia na mafundi sanifu maabara, Tanga