Kwako Mama Mapacha, kambi ya Nyarugusu, Tanzania

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Maine, Marekani. Sauti uliyonitumia niliisikiliza kazini, saa tisa usiku, wakati wa mapumziko, nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakageuka. Kisha ukafika kwenye swali lako, ukashusha sauti kama mtu anayesengenya kwenye foleni ya rasheni: eti ni kweli Baba watoto anatibiwa kichwa?

Nakujibu wewe, maana hao waliokuambia mimi hawakuniuliza. Hatibiwi kichwa. Tumetibiwa nyumba nzima, mimi na yeye na watoto wote wawili, tena sebuleni kwetu, kwa Kiswahili, chai ikiwa mezani.

Unamjua tangu kambi ya Lugufu. Mtu wa kimya, na sisi tukasema ndiyo tabia yake. Huku kimya kile kiliota meno. Siku 90 za mwanzo kuna watu wa kukuonyesha basi na duka. Zikiisha unabaki na bili zako, na mkopo wa nauli ya ndege unaoulipa mwezi hadi mwezi. Akawa halali. Saa nane usiku anakagua milango, anahesabu watoto kwa tochi ya simu. Tarehe 4 Julai Wamarekani wanapiga fataki kusherehekea uhuru wao. Mwaka wa kwanza tulimkuta amejifungia bafuni na mtoto mdogo kifuani. Binti alipewa kazi ya shule achore mti wa ukoo, baba yake akaichana karatasi. Mvulana akaleta fomu ya kwenda kuogelea na darasa lake, baba akakataa kutia saini, miaka miwili mfululizo. Watoto wakaamua kwamba baba yao hapendi shule. Mimi nikawa hakimu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nilichoka.

Hospitali tulikwenda. Mkalimani hakuwepo, daktari akamgeukia binti yetu, wakati huo yuko darasa la nne: muulize baba, anaota ndoto mbaya? Mtoto akauliza. Baba akamtazama, akasema, "Mwambie mgongo unaniuma." Tukarudi na vidonge vya mgongo. Baadaye nikaja kujua kwamba sheria ya huku inawataka walete mkalimani, mtoto asibebeshwe mzigo ule. Ila hata angekuja mtu mzima, nadhani jibu lingekuwa mgongo vilevile. Mambo ya vita ya Fizi, kwetu Kongo, utamwelezaje mgeni aliyesimama na saa mkononi?

Aliyetusaidia ni mama mmoja wa kwetu, mtu wa Uvira, mkimbizi kama sisi, amefundishwa kazi ya kusaidia familia nzima nyumbani kwao. Neno wazimu hakulitamka. Alisema kiwewe, na kwamba kiwewe cha mmoja hula chakula na wote mezani. Akatuambia njia hii ilianza Rwanda, kwa familia zinazoishi na virusi vya UKIMWI, kazi ya mtafiti Theresa Betancourt wa Boston College na wenzake. Halafu ikaletwa kwa wakimbizi wa New England, upande wetu huu wa Marekani, Wabhutan na wale Wasomali Wabantu ambao baadhi yao mababu zao walikuwa Wazigua wa upande wa Tanga. Niliposikia Wazigua nikamwongeza chai.

Alikuja mara kumi. Kwanza alikaa na sisi wakubwa, halafu na watoto bila sisi. Hapo ndipo niliposhtuka: mvulana alimwambia anadhani baba alianza kukasirika siku yeye alipozaliwa. Kisha akatandaza karatasi kubwa mezani, akachora mstari mrefu, tukaipanga safari yetu juu yake: kijiji, Ziwa Tanganyika, Lugufu, 2009 kambi ilipofungwa tukahamishiwa Nyarugusu, ndege. Machungu na matamu pamoja. Harusi yetu ipo pale, na wewe upo, na lile sufuria lako la wali ulioungua. Wiki nzima mimi na Baba watoto tulibishana lipi waambiwe na lipi libaki letu. Mengine yamebaki yetu. Nilikumbuka lubunga ya kwetu, wazee wanaota moto jioni na vijana wanasikia bila kuuliza. Lubunga haikupanda ndege nasi.

Siku ya kuwaambia, Baba watoto aliweka kalamu palipochorwa ziwa, hakuiondoa. Akasema mwaka 1998 walifika ufukweni usiku, mitumbwi imejaa, mdogo wake akapandishwa mtumbwi mwingine, na mtumbwi ule haukufika Kigoma. Basi. Mimi mkewe, miaka yote hiyo, nilijua tu kwamba mdogo wake "alibaki".

Mvulana akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kama mimi."

Akainuka, akaenda kukaa upande wa baba yake, wakaendelea kuitazama karatasi.

Sitakudanganya kwamba amepona. Saa nane bado anaamka, ila sasa ananiamsha na mimi. Fomu ya kuogelea aliitia saini mwaka huu kwa sharti kwamba na yeye aende. Alikaa kando ya bwawa saa nzima na mabuti yake ya theluji, hakupepesa jicho.

Najua kesi yenu imesimama tangu Januari 2025 Marekani ilipowafungia wakimbizi milango, na miaka mliyokwisha kungoja naijua. Sina la kukuambia hapo. Nitakupigia Jumapili, tulie wote kidogo.

Baba watoto ana ombi. Yule mzee wa zoni yenu aliyevuka nao, muulize ufukwe walikopandia mitumbwi usiku ule unaitwaje. Yeye hakumbuki. Kwenye karatasi tumepaacha wazi, na mvulana amekataa katakata tusiandike "ziwa" tu.

Ni mimi, jirani yako wa bomba la maji.