Riwaya za ajabu na za kutisha zipewe nafasi katika Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vitabu ambavyo wahakiki wetu huvipita kimya na ambavyo wazazi wengi huwakataza watoto wao kuvisoma, yaani riwaya za mambo ya ajabu, riwaya za kutisha na bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, siku zijazo au viumbe wa sayari nyingine. Miaka hii ya karibuni nimezisoma kwa bidii, hasa zile zilizoandikwa na Waafrika wenzetu, na kila ninapomaliza moja naumizwa na jambo lile lile: msomaji wa Kiswahili anayetafuta riwaya mpya ya ajabu kuhusu pwani yake mwenyewe analazimika kuifuata katika Kiingereza.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyochapishwa Marekani mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikawa riwaya ya kwanza kutunukiwa Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Aisha, msichana wa jamii ya Kihadhrami, yenye asili ya Yemen, anaingia baharini katika chombo cha mifupa, akifuatana na paka anayesema, kwenda kumtafuta baba yake mvuvi aliyepotea, na huko anapambana na madubwana matatu, la mwisho likiwa Baba wa Papa. Mwandishi mwingine angeweka nukta pale baba anapookolewa. Bajaber anaendelea, akamrudisha binti huyo nyumbani kwa bibi yake, ambaye anataka aolewe na atulie kama wasichana wengine, na nusu hiyo ya pili inakwenda taratibu kiasi kwamba msomaji aliyezoea misukosuko ya baharini anaweza kuichoka. Kwangu mimi ndiyo iliyo bora, kwa kuwa inauliza swali ambalo hadithi nyingi za mashujaa hulikwepa: mtu aliyekwisha kusimama mbele ya Baba wa Papa atakubali vipi kupangiwa maisha na majirani? Tena majini katika kitabu hiki hayaletwi ili kumshangaza mgeni. Yanachukuliwa kama yanavyochukuliwa na bibi zetu wa Mombasa, Tanga na Unguja, ambao huyataja kwa sauti ya chini na kwa bismillahi, kisha wakaendelea kupika. Kitabu cha namna hiyo kinastahili kusomwa kwa Kiswahili na watu ambao bahari hiyo ni yao, na ningewaomba wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam walifikirie jambo hilo kwa uzito ule ule uliotuletea Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah.

Kwa upande wa bunilizi za kisayansi, iliyonishika zaidi ni Rosewater ya Tade Thompson, ambayo ilipata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Matukio yake yamewekwa Nigeria mwaka 2066, katika mji uliochipuka kulizunguka kuba la kiumbe kutoka nje ya dunia yetu. Kuba hilo hufunguka mara moja kwa mwaka, na wagonjwa waliokusanyika huponywa, ingawa wengine huponywa vibaya, viungo vikaota visivyopaswa kuota, na maiti zikainuka zikiwa hazina akili. Mtanzania hawezi kuzisoma kurasa hizo bila kukumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi na baadhi ya wagonjwa wakafia njiani. Thompson aliiona vizuri hali hiyo ya umma unaotafuta uponyaji kwa gharama yoyote, na wafanyabiashara wanaojenga mji juu ya matumaini hayo. Ninajiuliza kwa nini hatujapata riwaya ya Kiswahili iliyoichukua Samunge na kuipeleka mbele miaka hamsini.

Riwaya za kutisha ndizo zenye wasomaji wengi kwetu, kwa sababu magazeti yamezichapisha kwa miaka mingi kama hadithi za mfululizo, na hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Nyingi zina kasi nzuri na zinajua kumwacha msomaji akingojea toleo lijalo, lakini mara nyingi mno hofu yake hujengwa juu ya kikongwe anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, anayekuja kubainika kuwa mchawi. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya wekundu huo wa macho, ambao mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni waliouvumilia maisha yao yote. Mwandishi anayeurudia mchoro huo bila kuutilia shaka anaongeza kuni katika moto unaowaka kweli. Angeweza kutisha zaidi kama angetuonyesha mkutano wa majirani usiku, jinsi jina la mtu linavyotajwa mara ya kwanza, na jinsi kila mmoja anavyonyamaza.

Nasikia pia ikisemwa kwamba mambo haya ni ya kuiga Wazungu. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani ambayo wajumbe wake walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Mwaka 1995 Katama Mkangi, katika Walenisi, alimtia Dzombo aliyehukumiwa kifo katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwangamiza, naye Dzombo akajifunza kukiendesha hadi akatua katika sayari nyingine. Euphrase Kezilahabi alituachia riwaya za ajabu Nagona na Mzingile, na Kyallo Wadi Wamitila akatupa Bina-Adamu! Tatizo ni jinsi tunavyozisoma shuleni. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta kila kitu kinasimamia nini katika siasa, akajibu mtihani na kufaulu, bila kuulizwa hata siku moja kama alishangaa au aliogopa. Kijana aliyesomeshwa hivyo hawezi kutamani kuandika riwaya kama hizo.

Ningependa waamuzi wa Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell na wale wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu waseme wazi katika matangazo yao kwamba riwaya za aina hii zinakaribishwa. Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba utenge ukurasa mmoja wa toleo la mwisho wa juma kwa hadithi ya mfululizo ya ajabu, ya kutisha au ya kisayansi. Hadithi hiyo isomwe na kuhaririwa yote kabla ya sehemu ya kwanza kuchapishwa, isije ikarefushwa ovyo kwa kuwa imependwa, na mwandishi alipwe kwa kila sehemu kama anavyolipwa mwandishi wa makala.

Msomaji wako,
Tanga