Risala ya Klabu ya Sayansi na Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha, na tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi.

Mheshimiwa, mbele yako kuna ubao mweupe unaoning'inia kwa kamba mbili. Taa zikizimwa utauona moyo wa binadamu ukidunda juu yake, na ubao ukibembea, moyo utabembea nao bila kubanduka. Kazi hii ya kurusha picha juu ya kitu kinachotembea imetushughulisha muhula mzima.

Hamu ya kuichezesha picha ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1790, jijini Paris, mwonyeshaji Étienne-Gaspard Robertson aliiweka taa yake ya picha juu ya magurudumu, akarusha sura za mizimu hadi kwenye moshi.

Kilichotutesa sisi ni kuchelewa. Kamera huviona vitone vinne tulivyobandika kwenye pembe za ubao, kompyuta hupiga hesabu, ndipo projekta itoe picha. Ubao ukienda mita 1 kwa sekunde, na shughuli hiyo ikachukua milisekunde 50, picha huangukia sentimita 5 nyuma. Wiki za mwanzo moyo wetu ulikuwa nusu ubaoni, nusu ukutani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wameunda projekta ya picha 1,000 kwa sekunde inayochelewa milisekunde 3 tu. Kwa mwendo ule ule, kosa lingekuwa milimita 3. Sisi hatuna mashine hiyo, tukakimbilia somo la pendula, yaani kitu kinachobembea kikiwa kimening'inizwa. Mbembeo wa ubao unatabirika, kwa hiyo programu yetu hukadiria mahali utakapokuwa, na picha hutangulia kuusubiri huko. Siku moyo ulipotulia ubaoni kwa mara ya kwanza, darasa zima lilipiga kelele.

Rangi nayo ilitufunza. Rangi ya kung'aa iliturudishia mwanga machoni; tulipoupaka ubao rangi isiyong'aa, hata mishipa midogo ikaonekana.

Mheshimiwa, changamoto yetu kubwa ni mwanga wa nje. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale tu isipotupa mwanga. Jua likipenya dirishani, weusi wote unakuwa kijivu na moyo unapauka. Tunaomba mapazia mazito ya chumba hiki, na uwezo ukiruhusu, kamera yenye kasi zaidi, maana hii tunayotumia ni ya kuazima. Tukilazimika kuchagua kimoja, tunachagua mapazia.

Sasa tunakuomba usogee, uuvute ubao kwa mkono wako, kisha uuachie.

Tunaomba kuwasilisha.