Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Sindano haifiki kwenye ngozi iliyokufa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka wodi ya majeraha ya moto. Mgonjwa aliyeungua akiletwa kwetu, mara nyingi dripu bado inatafutwa na kidonda hakijaoshwa, lakini seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, imeshaandikwa kwenye faili. Ukiuliza ya nini, unajibiwa: "Ya kumkinga."

Haimkingi. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya majeraha ya moto wa mwaka 2016 unashauri tusimpe aliyetoka kuungua antibayotiki ya mshipani kwa ajili ya kinga tu. Aliyewahi kufungua bandeji anajua sababu. Pale moto ulipoingia ndani hubaki gamba gumu, jeupe au jeusi. Ukiligusa, mgonjwa hashtuki. Gamba hilo halipitiwi na damu, na dawa ya mshipani husafiri na damu. Basi inazunguka mwilini, inaua bakteria wanyonge wa tumboni, na penye hatari haifiki ipasavyo. Wanaosalia ni wale sugu, wasiouawa na dawa hiyo. Baada ya wiki moja hivi tunaanza kumwona Pseudomonas, mwenye usaha wa kijani na harufu ambayo muuguzi huitambua tangu mlangoni, au Acinetobacter, anayehama kitanda hadi kitanda kwa mikono yetu wenyewe.

Halafu kuna homa. Aliyeungua sehemu kubwa hupanda joto, moyo ukaenda mbio na chembe nyeupe za damu zikaongezeka, hata pasipo maambukizi. Daktari wa zamu akikuta nyuzi 38.5 usiku, anabadilisha dawa. Kesho yake ni meropenemu, antibayotiki kali zaidi. Simlaumu sana. Maabara haioteshi vimelea ili kuvitambua mwisho wa wiki, na majibu yanapokuja mgonjwa keshabadilishiwa dawa.

Sisemi wagonjwa wanyimwe antibayotiki. Presha ikishuka, akianza kuchanganyikiwa, au wekundu ukitambaa kwenye ngozi isiyoungua kuzunguka kidonda, apewe haraka. Tena apewe dozi ya kutosha, kwani figo za aliyeungua vibaya mara nyingi hutoa dawa upesi kuliko kawaida. Huyo ndiye tunayemtunzia dawa inayofanya kazi. Tukiimaliza nguvu kwa wasioihitaji, yeye tutampa nini? Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani.

Ninachoomba ni waraka: antibayotiki ya mshipani isianzishwe kwa aliyeungua bila sababu kuandikwa na sampuli kuchukuliwa, na uamuzi uangaliwe upya baada ya saa 48. Ila waraka mtupu utaishia kwenye ubao wa matangazo. Uje na maabara inayootesha siku zote saba, glovu na aproni za kubadilisha kila kitanda, dawa za kupaka, na zaidi ya yote, nafasi katika chumba cha upasuaji. Gamba likikatwa siku za mwanzo na ngozi ikapandikizwa, bakteria wanakosa pa kukaa. Kwa sasa wagonjwa wa moto ndio wanaoahirishwa kila dharura nyingine inapoingia, na wakisubiri, tunawachoma sindano.

Kikao cha kuandika waraka huo kikiitishwa, wauguzi wa wodi hizi nao waalikwe. Sisi ndio tunaofungua bandeji.

Wako katika utumishi,
Muuguzi, wodi ya majeraha ya moto