Kuwinda nguruwe pori usiku na washkaji hapa Texas: yasome haya kabla hamjabuku

Sisi tunaongoza watu kuwinda, na joto likianza tu simu nazo zinaanza, na swali ni lile lile, tuko washkaji kumi, wengine Dallas wengine Houston, tunataka kuja Jumamosi usiku kupiga nguruwe, mtatupokea? Tunawajibu kumi hapana, njooni wanne, na hapo watu wanaudhika wanaona tunawawekea ngumu au tunataka walipe mara mbili. Kwa hiyo tumeona tuandike yote hapa kwa Kiswahili chetu, mtu asome ametulia, maana kwenye simu mambo mengi yanapita haraka.

Kwanza mjue kwa nini hii kazi ipo. Hawa nguruwe siyo wa asili huku Marekani, waliletwa na Wahispania, Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 akiwa na nguruwe wa kufuga, na kwa karne zilizofuata wa kufugwa wakawa wanatoroka au wanaachiwa porini, halafu miaka ya 1930 matajiri wa ranchi wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, wakachanganyika wote. Leo Texas peke yake wanakadiriwa kuwa milioni 2.6 na wako karibu kila kaunti. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita hadi minane tu, mimba yenyewe siku 115, sasa piga hesabu mwenyewe. Wataalamu wa wanyama wanasema inabidi kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ndo idadi isimame pale pale, yaani hata kupungua bado. Mkulima akipanda mahindi mwezi Machi kundi linaingia usiku linafuata mstari wa mbegu moja baada ya nyingine, asubuhi anakuta mstari mtupu. Shamba la majani ya ng'ombe wanalifukua mpaka trekta ikipita inaruka na kuvunjika vyuma. Wale mliokulia vijijini mkakesha kwenye dungu mnapiga madebe ili mihogo isiliwe, hili hamhitaji kuelezwa, nguruwe wa kwetu ni jamii nyingine lakini hasara mnaijua.

Sasa turudi kwenye wanne. Nguruwe anaweza kukuumiza, dume kubwa lina meno na likijeruhiwa linageuka, lakini kwenye shughuli ya usiku na marafiki kitu kinachotunyima sisi usingizi ni bunduki za marafiki wenyewe. Giza totoro, watu wamesisimka, kundi la nguruwe ishirini linatawanyika pande zote baada ya risasi ya kwanza, na kila mtu anataka kumfuata wa kwake kwa skopu, yaani darubini ya juu ya bunduki. Mtu akiangalia ndani ya skopu haoni pembeni, anaona kaduara kadogo tu, anazungusha bunduki anamfuata mnyama na hajui kwamba ameshavuka mstari na mdomo wa bunduki unaelekea alikosimama rafiki yake. Hii ndo sababu. Wanne tunawapanga mstari mmoja, kila mmoja na tripodi yake, stendi ya miguu mitatu ya kuegeshea bunduki, bega kwa bega, hakuna wa mbele hakuna wa nyuma, na kila mmoja anapewa upande wake anaonyeshwa kwa alama, mti ule mpaka nguzo ile, nguruwe akitoka nje ya hapo siyo wako tena mwache aende hata kama ni mkubwa kuliko wote uliowahi kuona. Mwongozaji mmoja anaweza kuwaangalia watu wanne kwa macho na kwa mkono, kumi hawezi, na sisi hatutachukua hela ya mtu kwa kazi ambayo hatuwezi kuifanya vizuri.

Kupiga ni kwa kuhesabu. Mwongozaji ananong'ona tatu, mbili, moja, wote mnapiga kwa pamoja, akisema basi ni basi, sefti juu, yaani kufuli ya bunduki imefungwa, na kidole nje ya kifyatulio. Tunaanza saa mbili au saa tatu usiku kutegemea msimu na tunaweza kuzunguka mpaka alfajiri, muda mwingi mko kwenye pikapu mkienda shamba moja hadi jingine mwongozaji anaskani kwa kamera ya joto, na hapo bunduki zote hazina risasi chemba. Tukiliona kundi tunashuka tunatembea, na tunatembea upepo ukitupiga usoni, nguruwe macho yake ni dhaifu lakini pua yake ni hatari, upepo ukigeuka ukapeleka harufu yenu hata mita mia tatu wameshaondoka na hamtawaona tena usiku huo. Kwa hiyo perfumu acheni nyumbani, sigara pia, na simu zimeni kabisa kwa sababu mwanga wa kioo unakupofusha wewe mwenyewe na wenzako. Vaeni buti ndefu, nyoka wapo.

Kuhusu hizi skopu za joto, au thamo kama wengi wanavyoziita, watu wanazipenda sana na sisi ndo tunazikodisha, lakini naomba mzielewe. Inaonyesha joto, haionyeshi jina. Ndama anang'aa, mbwa wa mwenye shamba anang'aa, swala anang'aa, na binadamu anang'aa vile vile. Kwa mbali ndama aliyelala na nguruwe aliyelala ni doa jeupe tu, ndo maana sheria yetu hakuna anayepiga mpaka mwongozaji atamke kwa mdomo wake kwamba hao ni nguruwe, na hata akitamka wewe ukiwa na shaka usipige, hakuna atakayekuuliza. Jambo la pili thamo haikuonyeshi vizuri kilichoko nyuma ya mnyama. Risasi ya .223 ambayo ndo ndogo kati ya tunazotumia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, sasa ukipiga nguruwe aliyesimama juu ya mwinuko na nyuma yake ni anga, risasi ikimkosa au ikimpita inaenda kutua wapi? Tunapiga pale tu ambapo nyuma kuna udongo. Kuna usiku tunaliacha kundi zima kwa sababu hii na wateja wanasikitika, lakini tutaliacha tena. Ukungu nao unaua picha ya thamo, usiku wa hivyo tunaahirisha na dipoziti yenu inabaki salama.

Pombe hakuna mpaka bunduki zote zimefungiwa, hilo halina majadiliano.

Haya, makaratasi, na hapa tafadhali msome polepole. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 Texas haidai tena leseni ya uwindaji kwa nguruwe pori kwenye ardhi binafsi kama una ruhusa ya mwenye ardhi, na usiku inaruhusiwa. Watu wengi wameishia kusoma hapo. Lakini kuna sheria ya nchi nzima, ya serikali kuu, inayosema mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa muda, haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na mojawapo ya vitu vinavyomtoa kwenye hilo katazo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Umeona ilivyo? Texas inasema nguruwe hawahitaji leseni, lakini wewe mwenye viza unaihitaji ili uruhusiwe kugusa bunduki yenyewe. Kwa hiyo binamu yako aliyekuja kutembea kutoka Nairobi au Dar akate leseni kwanza na aje nayo pamoja na pasipoti. Kukodi kwetu hakubadilishi kitu, bunduki ikiwa mkononi mwako ni umeishika. Mwenye grini kadi hilo katazo la viza halimgusi. Ambaye hana karatasi kabisa sheria inamkataza na hatutampa bunduki hata kama anatufahamu vipi, kwa sababu kosa hilo linaweza kumharibia maisha yake yote huku, aje akae kwenye pikapu atushikie kamera, tutamkaribisha kwa moyo. Na kama kesi yako iko katikati, asailamu, yaani umeomba hifadhi, au kitu kama hicho, muulize wakili wako wa uhamiaji kabla ya kutupigia, sisi siyo wanasheria.

Wengi mnaotoka Kenya hamjawahi kushika bunduki maisha yenu, kule uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na hiyo siyo aibu wala tatizo. Njooni mapema jua halijazama, tunafanya mazoezi ya kulenga kwenye shabaha, bure, mpaka mtu awe huru na silaha. Tunachoomba ni mtu aseme ukweli kwamba ni mara yake ya kwanza.

Nyama. Ndugu zetu Waislamu wanakuja sana na washkaji wao, hawalazimiki kugusa chochote, kuchuna tunafanya sisi na wanaotaka kitimoto. Kwa wanaotaka, chagueni majike wadogo wa kilo 30 mpaka 50, dume kubwa lina harufu ambayo hata limao na tangawizi haziiondoi. Glavu ni lazima, hawa wanyama wanabeba ugonjwa wa brusela na unaingia kwenye kidonda kidogo tu cha mkono, halafu mtu anaumwa homa miezi na miezi hajui imetoka wapi. Kuweka friza hakuui wadudu wote, ipike mpaka ndani ifike nyuzi 71 za sentigredi, rosti ni salama kuliko mishikaki ya nusu nusu. Msimpe mbwa wenu nyama mbichi wala utumbo, kuna ugonjwa wa nguruwe unaoua mbwa haraka. Na msiuze, nyama ya kuwinda haijakaguliwa na kuiuza ni kosa. Leteni kulaboksi zenu na barafu, usiku wa joto nyama haisubiri.

Wenye mashamba wanaosoma hapa, na nyie tunawaambia ukweli, bunduki peke yake haitamaliza nguruwe wako. Tukipiga watano kwenye kundi la ishirini wale kumi na tano wanajifunza na kesho wanapita kwingine. Kinachopunguza kweli ni mtego mkubwa wa duara wenye geti unalofunga kwa simu ukiona kwenye kamera kwamba kundi zima limeingia, halafu sisi tunakuja kumalizia waliobaki nje. Mtego tunaweza kukufungia, na wiki za mwanzo tunaomba usiruhusu mtu yeyote apige risasi karibu nao, hata sisi.

Kubuku tumeni meseji yenye idadi ya watu, nani ana bunduki yake nani anakodi, nani ni mara ya kwanza, na nani yuko kwa viza. Hilo la mwisho mtuambie kabla ya kutuma dipoziti, ili kama kuna mtu anahitaji leseni awe na muda wa kuikata.