Mwinyi, kuhusu hicho kifua unachokitaka

Miami, Florida

Ndugu yangu Mwinyi,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo, watoto wazima. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wataka daktari wa Dubai akunyonye mafuta ya tumbo akutie kifuani, pamoja na picha ya yule jamaa mwenye tumbo la vipande, na nimeusoma mara mbili nijue kama wanitania. Kumbe huna utani. Basi nami nikujibu kama mtu ashindaye thieta ya upasuaji akimpa daktari vyombo, si kama wale wa kwenye matangazo.

Hapo pana kazi mbili kwa mpigo mmoja: kunyonya mafuta na kuyapandikiza. Ya kwanza ina umri wake. Mwaka 1993 Henry Mentz na wenzake wa Houston walieleza namna ya kunyonya zaidi kwenye mistari ya tumbo kuliko pembeni, ili misuli ijichore. Baadaye Alfredo Hoyos wa Bogotá, Kolombia, akaiendeleza kwa mashine ya ultrasaundi inayolegeza mafuta kabla hayajanyonywa, na mafuta yaliyotoka kiunoni akayarudisha kifuani na mabegani. Huyo wa kwenye picha yako, ukiniuliza, amefanyiwa yote mawili.

Kabla ya nusu kaputi mgonjwa husimama wima, akaze tumbo, akunje mkono, na daktari amchore kwa kalamu: rangi moja pa kutoa, nyingine pa kuongeza. Akishalala nyama zinamwagika ubavuni na ramani yote inapotea, ndiyo maana hatuna haraka kwenye kuchora. Kisha hujazwa maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini ya kubana mishipa, damu isipotee sana. Kinachonyonywa tunakiacha kitulie chupani: juu huelea mafuta maji yaliyopasuka, chini hukaa damu na yale maji, na katikati ndiyo mali yenyewe, ya manjano kama samli. Hayo ya katikati ndiyo yanayorudishwa, kidogo kidogo kwa mrija mwembamba, kila tone lipate nyama hai ya kulilisha. Ukiyarundika mahali pamoja ya ndani hufa na kugeuka uvimbe mgumu.

Hata yakiwekwa vizuri, hayabaki yote. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hufyonza sehemu kubwa, na daktari mkweli atakwambia akibakiwa na nusu anashukuru. Tena yanayobaki ni mafuta, Mwinyi. Hayanyanyui kitu. Ukinenepa nayo yananenepa, na mistari ya tumbo iliyochongwa inaanza kukaa mahali pa ajabu. Wewe na biriani ya Ijumaa nawajua.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wanapofia. Mafuta yakiingia ndani ya mshipa mkubwa wa damu huenda moyoni, kisha mapafuni, na mtu anaweza kwenda pale pale mezani. Balaa hili lilionekana zaidi kwenye kuongeza makalio. Ripoti ya mwaka 2017 ilikadiria kifo kimoja kwa takriban wagonjwa 3,000. Ndiyo maana mwaka 2019 bodi ya madaktari ya hapa Florida ilipiga marufuku kudunga mafuta ndani ya msuli wa kalio, na mwaka 2022 ikadai ultrasaundi ya kuonyesha mrija ulipo wakati wa kudunga, na daktari asizidishe watatu kwa siku. Kifuani mishipa si minene kama ile, lakini nyuma ya mbavu kuna mapafu, na mrija hauna macho. Kwa hiyo muulize huyo daktari wa Dubai: mafuta utayaweka chini ya ngozi au ndani ya msuli? Ncha ya mrija utaionaje? Nusu kaputi anaitoa nani, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa wapi? Akianza kukupa punguzo badala ya jibu, ondoka.

Lakini kabla hujamwandikia, simama mbele ya kioo, legeza tumbo, ulibane kwa vidole. Ukishika mkunjo mnene, hayo ni mafuta ya chini ya ngozi, mrija unayafikia. Ikiwa tumbo limejaa gumu kama ngoma na vidole havishiki kitu, mafuta yako yako ndani, yamezunguka utumbo, na hakuna daktari anayeyanyonya hayo. Hilo ni la sahani na miguu. Kwa ile picha uliyopiga Nyali naona kama ni la pili, lakini shati lilikuwa pana.

Na usisahau kuwa ukitoka thieta unavaa fulana ya kubana kwa wiki kadhaa, usiku na mchana. Kwa joto la Mombasa, sijui utaivumilia vipi na duka unalifungua saa kumi na mbili.

Huyo daktari akikujibu, nitumie maneno yake kama alivyoyaandika, usinifupishie. Mzigo wa mama umeshatoka, mwambie Bi Zuhura kiatu cha kushoto kina kamba ya akiba ndani.

Nduguyo,
Athmani