Mkimkumbuka rubani Bushell, itajeni na ile familia ya Prague

Mhariri salaam,

Nawaandikia kuhusu makala yenu ya ukurasa wa historia, ile ya Roger Bushell, rubani wa jeshi la anga la Uingereza mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1944 akiwa mateka wa vita. Nimeisoma mara mbili, ya pili nilimsomea mke wangu huku anachambua mchele, na kusema kweli imeandikwa vizuri. Ila kuna kitu kimenikaa kooni siku mbili hizi. Mmeeleza mahandaki ya kutorokea kambini, mmeeleza vyeti feki, mmeeleza wanaume 76 waliotoka usiku mmoja, halafu watu wa Prague, mji mkuu wa Wacheki uliokuwa umekaliwa na Wajerumani, waliomficha huyu bwana ndani kwao miezi kama saba mkawapitia kwa maneno mawili tu, wenyeji fulani. Jamani! Wale watu waliuawa kwa ajili yake na majina wanayo.

Naomba niwaeleze wasomaji wenzangu, najua nafasi ya barua ni ndogo lakini nivumilieni.

Bushell alizaliwa 1910 mji wa Springs, kule kwenye migodi ya Transvaal ambako baba yake alikuwa injinia, akapelekwa Uingereza kusoma, akawa wakili, akawa hodari sana wa kuteleza kwenye theluji na wikendi anarusha ndege. Vita ilipoanza akapewa kuongoza kikosi namba 92, na tarehe 23 Mei 1940 ndege yake ya kivita, Spitfire, ikapigwa kaskazini mwa Ufaransa, akatua shambani akakamatwa mzima. Kuanzia hapo hakuwaza kingine ila kutoroka. Mara ya kwanza, 1941, alijificha ndani ya banda la mbuzi pale pale kambini mpaka giza likaingia, akasafiri peke yake mpaka mpakani mwa Uswisi, zimebaki mita mia kadhaa tu awe huru, akashikwa. Mimi hapo tu ningekata tamaa.

Mara ya pili ndiyo hii ninayoililia. Oktoba 1941 mateka walikuwa wanahamishwa kwa treni kutoka Lübeck kwenda Warburg, Bushell na mwenzake Mcheki wa jeshi hilohilo la anga, Jaroslav Zafouk, wakaruka kutoka kwenye behewa, na kwa kuwa Zafouk alikuwa na watu anaowajua Prague wakakaza mwendo mpaka wakafika. Wakapokelewa na familia ya Zeithammel, baba na kijana wake na binti yake Blažena, wakawekwa ndani, wakalishwa, na chakula wakati huo kilikuwa cha mgao jamani, kila kipande cha mkate anachokula mgeni wa siri kimetoka kwenye sahani ya mtu mwingine wa nyumba ile. Na mtawala wa Prague wakati huo alikuwa Heydrich, mtu katili kuliko karibu wote waliokuwa chini ya Hitler, na kila mtu mjini alijua adhabu ya kumficha adui wa Ujerumani ni kifo. Walijua. Wakaendelea kumficha siku baada ya siku majira yote ya baridi, na inasemwa yeye na Blažena walipendana.

Mei 1942 polisi wa siri wakaingia, wakabeba wote. Siku chache tu Heydrich akarushiwa bomu, akafa tarehe 4 Juni, na Wajerumani wakaanza kuua watu kama kuku, kijiji kizima cha Lidice wakakifuta, na katika kimbunga hicho ile familia nayo ikauawa.

Sasa hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Bushell alipelekwa Berlin, akahojiwa vikali, akaambiwa ukitoroka tena utapigwa risasi, halafu akarudishwa kambini kwa wenzake. Kwanini alirudishwa hai? Kwa sababu alikuwa ofisa wa jeshi, alikuwa na namba na cheo, na kulikuwa na Mkataba wa Geneva wa 1929 unaosema mateka akijaribu kutoroka adhabu yake ni ya kinidhamu tu, kufungiwa isizidi siku 30. Mgeni alikuwa na mkataba wa kumkinga, waliomfungulia mlango hawakuwa na kitu chochote, na wao ndio walianza kufa. Hii kwenye makala yenu haipo, na kwangu mimi huu ndio moyo wenyewe wa habari, maana bila hiyo huwezi kuelewa ni mtu wa namna gani aliyeingia kambi ya Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya mateka wa jeshi la anga kule Sagan, mwezi Oktoba 1942. Waliomfahamu zamani walimwona kabadilika, mcheshi yule kaondoka, kabaki mtu mwenye chuki na kazi moja tu kichwani.

Mambo ya Sagan mmeyaeleza wenyewe sitarudia yote. Mahandaki matatu, Tom, Dick na Harry, mchanga unatolewa kidogo kidogo kwenye vifuko ndani ya suruali, chaga za vitanda zinang'olewa kwa maelfu kuzuia udongo usiwaangukie, makopo ya maziwa ya unga yanaungwa kuwa bomba la hewa, wanachimba kwa koroboi za mafuta yaliyoenguliwa kwenye supu. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 wakatoka 76. Watatu tu ndio walifika salama, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja, 73 wakakamatwa, na kwa amri ya Hitler mwenyewe 50 wakapigwa risasi. Bushell aliuawa tarehe 29 pembeni ya barabara karibu na Ramstein pamoja na Mfaransa Bernard Scheidhauer. Miili ikachomwa, majivu yakarudishwa Sagan, na taarifa iliyotolewa ikawa walipigwa wakijaribu kutoroka tena, yaani watu 50, sehemu tofauti tofauti, na hakuna hata mmoja aliyejeruhiwa tu, wote wamekufa! Mkuu wa mateka kambini alipouliza majeruhi ni wangapi akajibiwa hakuna, na hapo hapo akili zikawaambia kilichotokea.

Kuna watu wanamlaumu Bushell, wanasema alionywa, kiburi chake ndio kimewaponza wenzake. Mimi siwezi kumlaumu. Wenzake walijua hatari wakaingia kwa miguu yao, na sheria ilikuwa upande wao. Mwenye damu mikononi ni aliyetoa amri na aliyevuta bunduki, na nashukuru Uingereza haikukubali yaishe kimya, vita ilipoisha ilimtuma McKenna, ofisa wa jeshi lake la anga, na wapelelezi wake wakazunguka Ulaya kutafuta wauaji mmoja mmoja, kesi ikasikilizwa Hamburg 1947, na Emil Schulz aliyempiga Bushell akanyongwa Februari 1948. Leo majivu ya Bushell yako Poznań, Poland, kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa, jiwe lina jina. Hiyo ni haki yake na sitaki apunguziwe hata kidogo. Lakini wale wa Prague hawakuwa wanajeshi wa mtu yeyote, hawana kikosi cha kuwapigia baragumu, wao wanategemea sisi tunaosimulia, na tukisema wenyeji fulani ndio basi tena.

Mtashangaa mtu wa Ngara anahangaika nini na familia ya Prague. Nawaambia kwa nini. Namfahamu mama mmoja wa ng'ambo ya Rusumo, upande wa Rwanda, ambaye mwaka 1994 alifichwa na jirani yake juu ya dari wiki nyingi, jirani akajulikana akauawa, yeye akapona. Nimemsikia akisimulia mara tatu nne hivi kwenye misiba. Kila akisimulia haanzi na yeye, anaanza na jina la yule jirani, anamtaja na baba yake na mlima aliotoka, ndipo anasema nami nilikuwa darini. Siku hizi nikisoma habari ya mtu yeyote aliyefichwa wakati wa vita naangalia kwanza kama waliomficha wametajwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwezi Machi mkirudia habari hii, na nina hakika mtairudia maana watu wanaipenda, wekeni familia ya Zeithammel kwenye aya ya kwanza pamoja na Bushell. Na binti aliitwa Blažena Zeithammelová, mwambieni mpiga chapa asiiache ile alama ndogo juu ya herufi z.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Ngara, Kagera